Kompyuta Iko Mbali, Sikio Liko Hapa: Dhana Potofu na Ukweli

Mimi sioni, na kazi yangu nyingi iko kwenye kompyuta ambazo sijawahi kuzigusa. Kila nikieleza ninavyozitumia, nakutana na dhana zilezile.

"Si akushirikishe skrini tu?"

Hii ndiyo inayonipotezea muda kuliko zote. Kushirikishana skrini ni kutumiana picha. Mwenye macho anaona vitufe na maandishi. Kisoma skrini changu, yaani programu inayonisomea kwa sauti yaliyoko kwenye skrini, kinakuta dirisha lenye picha tupu, hakuna neno la kusoma. Kuna fundi aliwahi kunishirikisha skrini yake, kisha akauliza, "Umekiona hicho kidirisha cha katikati?" Nilichosikia mimi ni jina la programu, halafu kimya. Kisoma skrini lazima kiwe kule kule kwenye kompyuta ya mbali, maana ndiko vitufe vilipo. Kinachobaki ni kuleta huku kinachosemwa.

"Sauti lazima isafiri, na sauti inamaliza bando."

Njia ziko mbili, na wengi wanaijua moja. NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzia Australia mwaka 2006, kilipata mwaka 2015 nyongeza ya kuunganisha kompyuta mbili zenye NVDA, iitwayo NVDA Remote, kazi ya Christopher Toth na Tyler Spivey. Tangu toleo la 2025.1 uwezo huo umo ndani ya NVDA yenyewe. Hiyo haitumi sauti kabisa. Inatuma maneno, kama meseji, na kompyuta yangu ndiyo inayoyatamka.

Piga hesabu. Sauti ya ubora wa CD, bila kubanwa, hula takriban MB 635 kwa saa. Ikibanwa kwa Opus, mbinu ya kubana sauti, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, inashuka hadi MB 14 hivi. Maneno je? Hata yakimiminika 400 kwa dakika saa nzima, herufi zake hazijazi MB moja. Ongeza vifungashio vya kiufundi, bado ni kidogo mno.

Faida nyingine ni kwamba sauti ni yangu: kasi niliyoizoea, lugha niliyoichagua. eSpeak NG, programu ya kutamka maneno inayokuja na NVDA, ina Kiswahili, hata kama aliyeko kule ameweka sauti ya Kiingereza. Ila faida hiyo ina mtego wake. Kompyuta zote mbili zinaongea kwa sauti ileile, na nimewahi kuandika nusu ukurasa wa barua nikidhani niko kule, kumbe niko kwangu.

"Basi kutuma sauti yenyewe kumepitwa na wakati."

Hapana. Maneno hayabebi kila kitu. Ukifungua rekodi ya mahojiano kwenye kompyuta ya mbali, NVDA itakutajia jina la faili na kitufe cha kucheza, lakini mahojiano yenyewe hutayasikia. Hapo unahitaji sauti halisi. Kuna pia ofisi zinazoruhusu Remote Desktop peke yake, njia ya Windows ya kuendesha kompyuta ya mbali, na hiyo inaleta sauti mradi umechagua ichezwe kwenye kompyuta uliyopo. VNC ya asili, njia nyingine ya kuendesha kompyuta ya mbali, ilitengenezwa kwa ajili ya picha, kibodi na kipanya, si sauti.

Watu huniambia pia kwamba seva haina spika wala kadi ya sauti, kwa hiyo haiwezi kuongea. Inaweza: Remote Desktop huipa kifaa cha sauti cha kuigiza, na kisoma skrini hakijui tofauti. Kwenye Windows Server angalia kwanza kama huduma ya Windows Audio imewashwa. Halafu ilaze NVDA ya kwako, yaani inyamaze kwa muda, ukishaingia, la sivyo mbili zitaongea kwa pamoja na ya kwako ndiyo itakayonasa amri ulizokusudia ziende kule.

"Ongeza kasi ya intaneti, mambo yatakaa sawa."

Kasi na kuchelewa ni vitu viwili. Setilaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta inaweza kukupa megabiti za kutosha, lakini amri ya kitufe kwenda na jibu kurudi ni karibu nusu sekunde, hata kabla kompyuta haijafanya lolote. Anayetazama filamu hajali. Mimi ninayeshuka orodha ya faili 60 kwa mshale nasikia kila nusu sekunde hiyo. Programu za muziki huongeza kuchelewa huko kwa makusudi, zikilimbikiza sauti kidogo ili isikatike. Kwa kisoma skrini hilo ni balaa.

Na ikikatika? Kwenye ankara ya "elfu kumi na mbili", silabi tatu zikimezwa njiani nimesikia "elfu mbili". Sauti iliyopotea mara nyingi hairudi. Maneno yakikwama hutumwa tena. Yanachelewa, lakini yanafika mazima.

"Anasikiliza tu, ataharibu nini?"

Uunganisho wa NVDA hufunguliwa kwa ufunguo, yaani neno au tarakimu mnazopeana. Mwenye nao anaweza kujiunga kama mwendeshaji, na mwendeshaji anasikia yote huku akishika kibodi yako. Nimekuta watu wametumia jina la mtoto wao, lilelile kwa miaka. Programu inaweza kukutengenezea ufunguo wa kubahatisha. Mimi hutumia mpya kila kazi, na aliyenisaidia jana hana wa leo.