"Kamera haidanganyi" na dhana nyingine potofu kuhusu picha za sarafu

"Kamera haidanganyi, kaka. Hii ni shaba nyekundu." Maneno hayo nimeyasikia tena Jumamosi, na safari hii nayajibu kwa maandishi, maana kuyajibu kwa mdomo kumenichosha.

Mteja alinunua hela 20 ya Tabora kwa kuangalia picha tu. Sarafu hizi Wajerumani walizipiga Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimewakatia njia ya kuletewa fedha kutoka kwao. (Neno letu hela limetokana na heller hizo hizo.) Zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya njano, katalogi huzitenga, na bei hazilingani. Taji ni lile lile, herufi T ni ile ile, kwa hiyo jicho hutegemea rangi. Kwenye picha ilikuwa nyekundu. Ilipotua mezani kwangu, pale juu ya taji palipolika kwa kushikwashikwa, iling'aa njano kama kufuli jipya.

Muuzaji hakuichezea picha. Aliipiga usiku chini ya bulbu ya sebuleni, ile yenye mwanga wa kama Kelvin 2700, wakati mwanga wa mchana ni kama 5500 (Kelvin hapa ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga unaelekea wekundu). Kazi nyingine akaiachia simu.

Mizani ya weupe, yaani mpangilio wa kamera wa kufanya cheupe kionekane cheupe chini ya taa yoyote, ikiwa otomatiki, kamera hukisia rangi ya taa kutokana na kilichojaa kwenye fremu. Sarafu ikijaza fremu, kamera haina njia ya kujua kama wekundu inaouona ni wa metali au wa taa. Ikiamini ni wa metali, inauacha, na shaba ya njano inageuka nyekundu. Ikiamini ni wa taa, inaupunguza, na shaba nyekundu safi inatoka kahawia iliyopauka. Jaribu leo: weka sarafu moja juu ya kitambaa chekundu, piga, hamishia juu ya cha bluu, piga tena, taa usiiguse. Linganisha picha mbili hizo, kisha uniambie kama kamera haidanganyi.

Dawa ni kadi ya kijivu, ile ya wapiga picha isiyoegemea rangi yoyote. Ilaze pale pale sarafu itakapokaa, ipige, weka mizani ya weupe kwa mkono kutokana nayo, halafu usibadili chochote. Karatasi nyeupe ya ofisini haifai, nasema haifai, hata kama fundi wa studio ya mtaani kwenu anaitumia. Nyingi zimetiwa kemikali ya kuzifanya zionekane nyeupe zaidi, nayo hurudisha ubluu. Kamera ikisawazisha ubluu huo, sarafu yako inavaa unjano usio wake. Wala usitumie sarafu nyingine kama kipimo, kwani nayo imezeeka kwa namna yake.

Na mwanga uwe wa aina moja. Dirisha upande huu na bulbu upande ule ni rangi mbili juu ya uso mmoja, na hakuna mizani moja itakayozisawazisha zote. Funga pazia au zima taa, chagua.

Wapo wanaosema, "Nitarekebisha baadaye kwenye programu." Utarekebisha kilichonaswa. Taa nyingi za LED za bei rahisi ni hafifu kwenye wekundu, na wekundu ambao taa haikuutoa sarafu haiwezi kuurudisha, hata ukihifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata. Tafuta taa yenye CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, ya 95 au zaidi kati ya 100. Mimi ningenunua taa hiyo kabla ya kufikiria kamera mpya.

"Flashi ya simu inaonyesha kila kitu." Inaonyesha doa jeupe katikati na maandishi yaliyolala. Zima.

"Fedha inatoka nyeusi kwa sababu mwanga ni mdogo." Hili nalisikia sana kwa wenye riyali za Sultani Barghash za 1882 na thala za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha za Austria. Fedha iliyo laini ni kioo. Ikitoka nyeusi, inakuonyesha dari lenye giza au kamera yenyewe iliyoinama juu yake, na kuongeza taa hakutabadilisha inachokiakisi. Sogeza taa, au tega karatasi ya kupitisha mwanga kati ya taa na sarafu ili fedha ipate kitu cheupe cha kuakisi. Shati lako nalo limo: nimeona thala yenye ukingo wa waridi, mpigaji alivaa fulana nyekundu. Kwenye meza hii navaa kijivu.

"Niisafishe kwanza ipendeze." Usithubutu. Limau, majivu na dawa ya meno huondoa ule utando wa miaka mingi ambao mkusanyaji anautafuta, na huacha mikwaruzo ambayo taa ya pembeni huionyesha yote. Niletee ilivyo, na vumbi lake.