Jina la mzee halikupunguzii bima

Wiki hii huyu ni mteja wa nne wa bima ya gari. Ana miaka 22, leseni ina miezi saba, Toyota IST kainunua milioni 15, na ombi ni lile lile: "Kaka, bima muandike mzee. Mimi bado kijana, watanikamua." Nimelieleza jambo hili ofisini mpaka nimechoka. Leo naliandika.

Imani hiyo ina ukweli, ila ni ukweli wa Uingereza. Kule ada ya bima inapangwa kwa kuangalia umri wako, mtaa unaoishi, hata kazi unayofanya, ndiyo maana kijana wa huko anakubali kufungiwa kifaa kinachorekodi anavyokanyaga breki ili apunguziwe. Na hata huko, kumwandika mzazi kuwa dereva mkuu wakati anayeendesha kila siku ni mtoto ni udanganyifu. Hapa Tanzania gari binafsi linakatiwa bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, kwa thamani yake: kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5, kisha VAT asilimia 18. IST ya milioni 15 ni 525,000, ukijumlisha VAT inafika 619,500. Awe mzee wa miaka 60, uwe wewe, hesabu ni hiyo. Bima ndogo, inayolipia tu hasara unayowasababishia wengine, ni 118,000 pamoja na VAT, nayo haitengenezi hata taa ya gari lako.

Umri wako unakuja kukuuma kwenye eksesi, yaani sehemu ya hasara unayoilipa mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Mikataba mingi ina eksesi ya kawaida, halafu ina nyongeza kwa dereva mwenye umri chini ya 21 au 25, au mwenye leseni changa. Na hapa ndipo naomba mnisikilize: nyongeza hiyo inamfuata aliyeshika usukani siku ya ajali. Haiangalii jina lililo kwenye bima. Trafiki atapima, atachora, ripoti ya polisi itaandika jina lako na leseni yako, na kampuni itaisoma ripoti hiyo mstari kwa mstari. Mzee hatakuokoa. Tena kwenye fomu ya maombi kuna swali la nani ataendesha gari. Mkijibu uongo, mmeipa kampuni sababu ya kukataa dai zima, na mzee ndiye atakayeitwa kujieleza kwa jambo asilolijua.

Kwa hiyo ukizunguka kutafuta bima nafuu, usiulize ada peke yake. Uliza: nikigonga mimi, mwenye leseni ya miezi saba, natoa shilingi ngapi mfukoni? Kampuni mbili zenye ada ile ile zinaweza kukupa majibu yanayopishana mbali sana.

Stika za bima za bei ya kutupa nazipita haraka. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa uhakiki wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Isipoonekana, huna bima.

Janja ya pili inaniumiza zaidi, kwa sababu inafanywa na vijana waaminifu: kushusha thamani. "Andika milioni 10, kaka." Ada inashuka hadi 413,000, umeokoa 206,500. Baadaye unagonga nguzo, matengenezo milioni 3. Kama mkataba una kifungu cha wastani, kampuni inasema umekatia theluthi mbili ya gari, basi inalipa theluthi mbili ya hasara: milioni 2, na eksesi inatoka humo humo. Milioni nzima imekwenda kwa ajili ya laki mbili. Kupandisha thamani nako hakusaidii, maana gari likiisha kabisa unalipwa bei ya soko ya siku ile.

Ila bei ya soko ni ipi? Hapa vijitabu vyetu vinanyamaza. Nimewahi kupeleka gari moja kwa wathamini wawili nikapata namba mbili, na sikuweza kumwambia mteja ipi ni ya haki. Na kwa gari la zamani la milioni 5 au 6, ambalo ada yake inapanda kwa sababu ya kima cha chini cha ada, na eksesi ya kijana inakula nusu ya dai dogo, sina uhakika tena kwamba bima kubwa inamfaa kila kijana. Wapo niliowashauri wachukue bima ndogo, tofauti waiweke benki. Sijui kama nilikosea. Bado hakuna aliyegonga.

Na wewe unayepanga kuliingiza gari kwenye teksi za mtandao jioni: sema kabla ya kulipa. Bima ya gari binafsi haibebi abiria wa kulipa, na ada ya biashara ni nyingine.

Huyu wa wiki hii tumemwandika jina lake mwenyewe, milioni 15. Nimempa nakala ya mkataba, ukurasa wa eksesi nimeukunja, na nimemwomba ausome pamoja na mzee wake kabla ya Jumatatu.