Grapholita tenebrosana ni mdudu gani?

Huyu ni nondo mdogo wa Ulaya, kahawia iliyokolea, mabawa yake hata ukiyatandaza hayafiki sentimita 2, yani akikupitia jioni wala humtilii maanani. Yuko kwenye familia ya Tortricidae, ambayo ndo ina wasumbufu wakubwa wa mashamba ya matunda kama Cydia pomonella anayetoboa matofaa, na jenasi yake ni moja na ya Grapholita funebrana wa plamu na Grapholita molesta wa pichi. Hao ndugu zake wameandikwa sana, yeye kaelezwa na Duponchel, mtaalamu wa wadudu wa Ufaransa, tangu 1843 ila watafiti wanampita tu, kisa hagusi matunda ya biashara, na mimi naona hapo tunakosea.

Chakula chake ni tunda la waridi, lile dogo jekundu linalobaki ua likishapukutika. Kiwavi anaingia humo anakula, akikomaa anatoka anajifumia kokoni, yani kifuko cha nyuzi, apitishe baridi.

Sasa tatizo linakuja kwenye mitego ya feromoni. Mtego huu unawekwa kidonge chenye harufu ya nondo jike, madume wanakuja wananasa kwenye gundi, halafu mkulima anahesabu. Shida ni kwamba hizi spishi za Grapholita harufu zao zimekaribiana mno, mfano funebrana na molesta kemikali yao kuu ni ileile kabisa, kwahiyo mtego uliotegwa kwa ajili ya plamu unamvuta na huyu wa waridi kutoka vichaka vya pembeni, mkulima anaona idadi imepanda anapiga dawa, kumbe wengine waliomo humo hawana habari na plamu zake! Hela imeenda, na wadudu wazuri wanaowinda viwavi nao wamekufa bure.

Kuwatofautisha kwa macho ni kazi ngumu kweli, hasa magamba ya mabawa yakishabanduka kwenye gundi. Wataalamu huwa wanapasua sehemu za uzazi wakaziangalia kwa hadubini, au wanapima DNA. Ila mwenye shamba anaweza kuanzia kwenye tunda lenyewe, aokote plamu zilizoiva mapema zikadondoka, azikate, akikuta kiwavi wa pinki na uchafu wake karibu na kokwa basi kuna uwezekano mkubwa funebrana yupo, asitegemee hesabu ya mtego peke yake.