Vikomo vya reli ya msumeno: maana yake na jinsi ya kuvipanga

Reli ya msumeno ni ubapa mrefu wa alumini unaolazwa juu ya ubao ili msumeno wa umeme upite bila kuyumba. Chini ina mikanda laini inayong'ang'ania ubao, ukingoni ina ukanda wa plastiki unaozuia plaiwudi isinyofoke, na ina mifereji ya kufungia vifaa vingine. Yenyewe hukupa jambo moja tu: mkato ulionyooka. Mkato huo uwe wapi, reli haijui. Kuishikisha mahali pake, mara ya kwanza na mara ya ishirini, ni kazi ya vikomo, yaani vipande vinavyoegemea ukingo wa ubao, ambavyo mafundi wengine huviita stopa.

Tuchukue kabati za chini za jikoni. Tuseme ubavu mmoja una upana wa milimita 560 na kimo cha milimita 720. Ubao wa 2440 kwa 1220, unene wa 18, hutoa mbavu sita. Fundi anayepima kila ubavu kwa futi kamba na kuchora kwa penseli anaweza kuwa makini sana, na bado mbavu sita zikatoka na vimo sita: mstari wa penseli una unene wake, jicho linasoma kwa upande, ndoano ya futi inacheza. Ubavu ukiwa peke yake, milimita moja haionekani. Itaonekana siku ya kufunga milango. Ndiyo maana nasema mbavu zote zikiwa 719.5 ni kazi nzuri kuliko moja kuwa 720 kamili, ya pili 719 na ya tatu 721. Kikomo huleta usawa huo kwa sababu unapima mara moja, kisha kipimo kinakaa kwenye chuma.

Kwa kupasua ubao kwa urefu, kifaa ni mikono sambamba: fito mbili zinazofungwa kwenye reli, moja kila upande, kila moja ikiwa na kikomo kinachosogezwa. Vikomo vyote viwili vinagusa ukingo wa ubao, na kipande unachokitaka kinabaki chini ya reli. Unene wa mkato wa diski, kwa kawaida milimita mbili hivi, unaliwa upande wa pili. Umbali unaohesabika ni kutoka usoni mwa kikomo hadi ukingo wa ule ukanda wa plastiki. Ukanda huo hukatwa na msumeno wenyewe mara ya kwanza unapopita, ndiyo maana ukingo wake ndio mstari wa mkato. Ukibadilisha msumeno, au ukafunga diski ya unene tofauti, usiuamini tena mpaka uuhakikishe upya.

Kabla ya vikomo, ondoa mchezo kati ya msumeno na reli. Msumeno una skrubu au vifundo vidogo vya kukazia kwenye kitako chake. Kaza hadi uteleze bila kutikisika kushoto na kulia. Pengo la hapo hakuna kikomo kitakacholirekebisha.

Sasa panga mikono. Usitegemee namba zilizochapwa kwenye fito hizo. Kata kijiti cha milimita 560, kipime hadi uridhike, kisha kitumie kama kiolezo: kiegemeze kwenye kikomo, sogeza hadi ncha ya pili iwe sawa na ukingo wa plastiki, kaza. Rudia upande wa pili kwa kijiti kilekile. Hata kijiti kikikosea kidogo, mikono yote miwili imekosea sawasawa, na kipande hakitakuwa chembamba mwisho mmoja. Hilo ni kubwa, kwa sababu ukingo mpya ndio utakaoegemewa na mkato unaofuata. Upande ukianza kupinda, kila mkato unazidisha, hadi mraba wote unapotea. Pasua kipande kimoja cha majaribio, pima ncha zote mbili, ndipo uendelee.

Ukingo wa kwanza wa kuegemea nao usiuchukulie hivihivi kwa kuwa umetoka kiwandani. Ondoa milimita chache kwanza kwa reli.

Kwa kukata urefu, yaani kukata ubao kwa kukingama, unatumia skwea ya reli, kifaa kinachoiweka reli kwenye pembe mraba na ukingo wa ubao, pamoja na kikomo kimoja. Ijaribu hivi: kata ubao mpana, geuza nusu moja juu chini, rudisha nyuso za mkato zikutane huku kingo za chini zikigusa ubapa ulionyooka. Uwazi ukionekana, kosa la skwea ni nusu ya uwazi huo.

Vumbi ndilo adui wa kudumu. Unga wa mbao ukijikusanya kati ya kikomo na ubao, kipande kinatoka kifupi. Futa kila mara, na kikomo ukikiinua kidogo kutoka mezani, unga unapata pa kutokea.

Kipande kikiwa chembamba kuliko reli yenyewe, reli inabaki hewani upande mmoja na kuinama. Weka chini yake kipande kingine cha unene uleule.

Kabla ya kununua, angalia umbo la reli yako. Vifaa vingi vya reli za kampuni ya Festool hukaa pia kwenye za Makita, na reli za Bosch zinaoana na za Mafell, lakini makundi hayo mawili hayaingiliani.

Mwenye msumeno wa mviringo wa kawaida hajaachwa nje. Gundisha ubapa ulionyooka juu ya kipande kirefu cha plaiwudi nyembamba, pitisha msumeno ukiuegemeza hapo mara moja, na ukingo uliobaki unakuwa mstari wako wa mkato. Mikono yake ni fito mbili za mbao ngumu, na vikomo ni vipande vidogo vilivyokazwa kwa skrubu. Kijiti cha kiolezo kinatumika vilevile.