Raba ya tairi haitulizi kila mtikisiko

Kabla gridi ya taifa haijatufikia Kigoma, umeme wetu ulikuwa wa jenereta za dizeli, na mafundi wengi wa hapa tulijifunza kazi kwa kusikiliza injini. Ndiyo maana mtu akifunga mtambo mdogo wa umeme wa upepo, ukianza kelele anautibu kwa dawa za jenereta. Baadhi zinafaa, nyingine zimenipandisha ngazi bure.

Kuna mama mmoja mwenye duka kule Ujiji, alifungiwa mtambo wa mapanga matatu juu ya paa la bati. Usiku upepo wa ziwani ukishika, chumba kizima kinanguruma. "Fundi, raba nimeshaweka, mbona nyumba bado inaimba?" Nikapanda. Chini ya bamba la mlingoti vilikuwepo vipande vinne vya tairi la lori, vimekatwa vizuri kabisa.

Hapo ndipo ilipo dhana yenyewe: kwamba raba humeza mtikisiko wa aina yoyote. Haimezi. Chochote kilichokaa juu ya raba au springi kina mwendo wake wa kuchezacheza, na waweza kuukadiria kwa rula: tazama raba imebonyea kiasi gani baada ya kubeba mzigo. Ikibonyea milimita 1, mzigo hucheza kama mara 16 kwa sekunde. Ikibonyea 4, kama mara 8. Jenereta ya mizunguko 1,500 kwa dakika hutikisika mara 25 kwa sekunde. Iweke juu ya raba inayobonyea milimita 4, mtikisiko unaofika sakafuni ni kama sehemu moja ya tisa. Iweke juu ya ile ngumu inayobonyea milimita 1, theluthi mbili zinapita.

Mtambo wa yule mama ulizunguka kama mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 tu kwa sekunde. Ili raba ianze kupunguza kitu hapo, ingebidi ibonyee karibu milimita 20, na nani atasimamisha mlingoti juu ya godoro? Mbaya zaidi, mwendo wa mashine ukilingana na mwendo wa raba, raba inaongeza mtikisiko, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kila anaporudi. Kwa haki, vile vipande vya tairi vilikuwa vinapunguza ule mlio mwembamba wa jenereta iliyo ndani ya mtambo. Ngurumo ilikuwa na chanzo kingine.

Nikashusha mapanga, nikaomba mizani yake ya sukari. Moja liliwazidi wenzake gramu 50. Lilikuwa limepakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Gramu 50 zikiwa nusu mita kutoka katikati, kwa mizunguko 300, huvuta mlingoti kwa nguvu ya mzigo wa kilo 2 na nusu, huku na huku, mara 5 kila sekunde. Kasi ikifika mizunguko 600, inakuwa kilo 10. Mwenye pangaboi linaloyumba ananielewa. Nikalipiga msasa mpaka mizani ikatulia, kisha nikayaegemeza yote matatu juu ya bomba, moja moja, kuhakikisha yanakaa sawa kwenye alama ileile. Uzito ukilingana lakini umekaa mbali zaidi na katikati, hujafanya kitu.

Ngurumo ikapungua, haikuisha. Bati ni ngozi ya ngoma. Mlingoti ungesimama chini, kando ya nyumba, nisingeitwa.

"Kaza mpaka ilie, haitafunguka." Hii nimeisikia Kibirizi kwenye injini za mitumbwi, na kwenye mtambo wa upepo ni hatari zaidi. Bolti hushika kwa sababu imevutika kidogo, kama springi. Ukiivuta kupita kiasi inarefuka jumla, haishiki tena. Tumia spana yenye kipimo cha nguvu, kisha piga mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Siku ukiona mstari umekatika, nati imetembea.

Wengine hudhani mnara mnene na mgumu zaidi ndio salama. Kwenye mitambo mikubwa, kama ile 365 ya Turkana kule Kenya, wahandisi wanachojali ni mwendo wa mnara kuyumba usilingane na mzunguko wa mapanga, wala na kila panga linapoupita mnara. Unene ni njia mojawapo tu ya kufika huko.

Halafu kuna imani ya grisi. Sisi wa Kigoma tuna sababu ya kuiheshimu: mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli ambayo leo ni MV Liemba, walizipaka injini grisi nzito kwanza. Meli ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Lakini grisi ile ilizuia kutu. Haisawazishi panga, na beringi iliyoshindiliwa grisi kupita kiasi huchemka. Tena beringi inayolia ikinyamaza siku mbili baada ya grisi, usifurahi mapema. Subiri upepo utulie, funga mapanga kwa kamba yasishtuke unapopanda, kisha ilegeze uyazungushe polepole kwa mkono huku ncha ya bisibisi iko kwenye beringi na mpini sikioni. Ukisikia kama mchanga unasagwa, agiza beringi mpya.