Halima yuko wapi kwenye andalio lako la somo?

Mwanafunzi yeyote wa Ujiji atakuambia kwamba Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871. Mnara wa kumbukumbu upo, makumbusho ipo. Sasa muulize siku ile wageni walipikiwa na nani. Kimya. Jibu lakini lipo: Stanley mwenyewe aliandika habari za Halima, mpishi wa Livingstone, aliyekuwa hashikiki kwa shughuli ya kuwakirimu wageni wale.

Kazi yangu ni kukaa na walimu wa Historia wa Kigoma kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) na kuandaa masomo pamoja nao. Ninapowataja Halima na wenzake, wengi hunijibu kwamba muhtasari umejaa, vipindi havitoshi, na mtihani hauulizi habari za mpishi. Ni kweli, na ndiyo maana siombi mada mpya. Biashara ya misafara tunaifundisha tayari. Ninachoomba ni maswali mengine ndani ya mada hiyohiyo. Badala ya "Taja bidhaa zilizopelekwa pwani", andika: "Nani alizibeba, alilipwa nini, na nani hakulipwa kabisa?"

Swali hilo hufungua mengi. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira. Walipatana malipo na kiongozi wa msafara, na wasiporidhika walitua mizigo wakagoma. Mzigo wa pembe za ndovu uliweza kufika frasila mbili, yaani kama kilo 32. Mtoto anayejitwika ndoo ya lita 20 kila asubuhi aambiwe aongeze zaidi ya nusu ya ndoo hiyo, kisha atembee kutoka Tabora hadi Bagamoyo kwa miezi miwili na zaidi. Hapo darasa huanza kuuliza lenyewe: walikula nini? Nani alilima chakula hicho? Tunafika kwa watumwa wa mashambani, wanawake wakiwemo, ambao jembe lao ndilo lililolisha misafara.

Hapa lazima niwe mkali kidogo, maana ndipo nia njema inapoumiza. Katika shule moja mwalimu aliwataka watoto waseme darasani mababu zao walitoka wapi. Mtoto mmoja akasema ng'ambo ya ziwa, Umanyema. Mapumziko yalipofika, wenzake walikuwa wanamwita mtumwa. Familia nyingi za Ujiji zina asili ya huko, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Wapo waliokuja kama wafanyabiashara, wapo waliokuja kama wapagazi, na wapo walioletwa kwa nguvu. Kila familia inajua yake, na ni yao kusema au kunyamaza. Usimsimamishe mtoto awe kielelezo.

Anza na sheria, siyo na koo. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 ilisema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru. Mzazi alibaki mtumwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Waache wanafunzi wapige hesabu: msichana mtumwa aliyekuwa na miaka ishirini mwaka ule anaweza kuwa bibi mzaa mama wa mzee anayeswali nao leo. Wakishaliona hilo, kejeli hupungua, kwa sababu wanaelewa kwamba huyu ni mtu aliyedhulumiwa juzijuzi na ana wajukuu mtaani.

Ukimwalika mzee aje kuzungumza, mtembelee nyumbani kwanza, bila wanafunzi. Mwulize angependa kusimulia nini na nini kiachwe. Kama mtamrekodi, aombwe ruhusa na aambiwe sauti hiyo itawekwa wapi. Na asikalishwe pale kujibu "ninyi ni watu wa wapi?" Aulizwe Ujiji ilikuwaje: soko, dagaa, ngoma, nani alimzika nani.

Njia hii inafaa kwa wengine pia. Tunapofundisha Mahale, iliyokuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, vitabu huwataja sokwe. Mwalimu ataje na Watongwe, ambao milima ile ilikuwa kwao na ambao walihamishwa.

Kwa wenzetu wa Tabora, shule za Ulyankulu zina wajukuu wa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengi wa familia hizo wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Somo letu sasa linaitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Watoto hao ni Watanzania, na namna babu zao walivyofyeka pori wakapata mashamba ni historia ya Tanzania. Ifundishwe kwenye kipindi cha makazi na kilimo, bila kusubiri Siku ya Wakimbizi.