Serikali inalipia nini hasa ukisoma kozi ya onlaini? Hadithi ya vyuo vya kati Uingereza

Watu wengi wakisikia chuo fulani kinasuasua kupeleka kozi zake onlaini wanadhani shida ni walimu wazee wasiotaka kujifunza kompyuta. Mimi nipo upande wa data na ruzuku kwenye chuo cha kati huku Uingereza, kazi yangu ni kuhakikisha kila mwanafunzi tuliyemsajili anaonekana vizuri kwenye mfumo wa serikali ili chuo kilipwe, na kwa ninayoyaona kwenye yale majedwali jibu ni rahisi zaidi na linaudhi zaidi: chuo kinafundisha vile kinavyolipwa. Fomula ya ruzuku ikihesabu masaa ya darasani utapata masaa ya darasani, hata mkinunua programu za kufundishia za kila aina.

Kwanza nieleze vyuo vya kati ni nini huku maana wengi wanachanganya na chuo kikuu. Ni vile vyuo ambavyo kijana akimaliza shule akiwa na 16 anaenda kusomea umeme, saluni, ulezi wa watoto, uhasibu, na humo humo watu wazima wanarudi kurekebisha hesabu na Kiingereza chao, na sisi wageni ndo tunapoanzia, kwenye madarasa ya Kiingereza. Nikisema Uingereza leo nina maana ya England tu, Scotland na Wales wana mambo yao.

Sasa pesa. Kwa vijana wa miaka 16 hadi 19 serikali inalipa kwa kichwa, na tangu mwaka wa masomo 2013/14 kiwango cha msingi kilikuwa pauni 4,000 kwa kijana wa kusoma muda wote, kikakaa hapo hapo miaka saba bila kupanda hata senti, ndo kikaja kupanda 2020/21 kuwa 4,188. Ili upate hiyo pesa kamili ilibidi kijana awe amepangiwa angalau masaa 540 kwa mwaka (baadaye, 2022/23, yakawa 580), na sio masaa ya kubuni, ni masaa yaliyo kwenye ratiba, yaliyopangwa na chuo na kusimamiwa na chuo. Kazi ya nyumbani haihesabiki. Kijana akikaa chumbani kwake akamaliza moduli nzima usiku kwa moyo wake wote, kwenye fomula hiyo ni sifuri.

Kwa watu wazima ni tofauti kidogo, kila cheti kina bei yake kutokana na ukubwa wake na gharama za fani, uchomeleaji unalipwa zaidi ya biashara maana unahitaji vifaa. Lakini hata huo ukubwa kwa miaka mingi ulipimwa kwa kitu kinaitwa masaa ya kuongozwa, yaani masaa ambayo mwalimu yupo na anakupa mwongozo. Mwalimu yupo! Hapo ndo onlaini ilipokwama, manake mama anayefanya kea ya wazee zamu ya usiku, akipata nafasi saa nane usiku anafungua somo lake kwenye simu, mwalimu yuko kitandani kwake amelala. Je hilo ni saa au si saa? Mkaguzi akija na kuuliza niliangalie wapi, unamuonyesha nini? Darasani una rejista yenye tiki. Onlaini una logi inayosema mtu aliingia saa 8:04 akatoka 8:51, na hata hiyo haikwambii kama alikuwa anasoma au aliacha simu mezani akaenda kupika.

Kuna watu wanasema basi serikali iache kuhesabu, iwaamini watu, impe mwananchi pesa yake achague kozi mwenyewe. Ilishajaribiwa, na kila mtu wa ruzuku huku anaijua hii stori kama anavyolijua jina lake. Septemba 2000 serikali ya chama cha Labour ilizindua akaunti binafsi za kujifunza, kila mtu mzima anafungua akaunti, waliowahi katika milioni ya kwanza wanawekewa pauni 150 wakitoa 25 zao, na kozi za kompyuta zina punguzo la hadi asilimia 80. Wazo zuri kabisa, nalipenda hadi leo. Lengo lilikuwa akaunti milioni moja ifikapo Machi 2002, wakalifikia karibu mwaka mzima kabla, mwishowe zikafunguliwa zaidi ya milioni mbili na nusu, na wanasiasa wanapiga makofi. Kumbe upande wa pili yeyote mwenye kampuni angeweza kujisajili kuwa mtoa mafunzo bila kuulizwa maswali ya maana, hakuna aliyeangalia ubora wa kozi, na mfumo ulikuwa unamlipa mtoa mafunzo akishaingiza tu namba ya akaunti ya mwanafunzi. Basi madalali wakaingia. Watu wakagongewa milango, wakapewa kijitabu au sidii ya kompyuta, akaunti ikakombwa. Wengine hawakupewa hata hicho kijitabu, walishtukia tu pesa yao imeshatumika kwa kozi ambayo hawajawahi kuisikia. Novemba 2001 ikajulikana kuna mtu anauza namba za akaunti kwa wingi, na mfumo mzima ukazimwa mara moja, hata ile tarehe ya Desemba waliyokuwa wameshaitangaza ya kufunga haikusubiriwa. Wakaguzi wakuu wa serikali walivyokuja kupiga hesabu, makadirio ya wizi na matumizi mabaya yalikuwa pauni milioni 97.

Nimeikalia stori hii kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa woga wa maafisa wa ruzuku wa leo. Ukiwaambia kozi ya mbali, mwanafunzi haonekani, mtoa mafunzo yuko mkoa mwingine, wao kichwani wanaona 2001. Na vyuo vya kweli vilivyokuwa vimeajiri walimu kwa kutegemea zile akaunti viliumia pamoja na wezi, hilo nalo halisemwi sana.

Tuje 2014. Waziri wa ujuzi wakati ule alikuwa Matthew Hancock (ndio, yule yule wa wizara ya afya wakati wa korona), aliunda kamati ya kumshauri juu ya teknolojia kwenye vyuo vya kati, ikajulikana kwa kifupi kama FELTAG, ikatoa ripoti Machi 2014. Ndani yake kulikuwa na mambo mengi ya maana, mafunzo kwa walimu, intaneti ya vyuo, wakaguzi wa elimu wafundwe teknolojia, lakini watu wote wakaikumbuka namba moja: kuanzia 2015/16 kila kozi inayolipiwa na serikali iwe na asilimia 10 ya onlaini, na vyuo vivutwe kufika hadi asilimia 50 ifikapo 2017/18.

Asilimia 10 ya nini? Hilo ndo swali ambalo kila ofisi ya data ilikuwa inaulizana. Ya masaa? Masaa yenyewe tumeshaona yanamhesabu mwalimu aliyepo. Ya maudhui? Nani anapima maudhui. Na ilisemwa kabisa kuwa kuweka slaidi kwenye mtandao halafu mwalimu akazipitia darasani haihesabiki, inatakiwa sehemu ambayo mwanafunzi anasoma mwenyewe onlaini. Sasa fikiria fundi bomba anajifunza kuunganisha paipu, asilimia 10 yake inakaa wapi, kwenye usalama kazini na nadharia, sawa, lakini kwa mtu anayejifunza Kiingereza cha mwanzo kabisa na hajawahi kushika kipanya, ile asilimia 10 ni ukuta mwingine wa kupanda. Serikali ilijibu Juni mwaka ule ule kwa maneno mazuri, ikatuomba tuanze kuripoti kwenye rekodi ya kila mwanafunzi ni kiasi gani cha kozi kinatolewa onlaini, na tukaripoti. Pesa haikubadilika kwa sababu ya jibu lako. Ukiandika sifuri unalipwa, ukiandika nusu unalipwa vile vile. Sharti likabaki bila meno, mawaziri wakabadilika, ikafa kimya kimya.

Maoni yangu ni kwamba FELTAG walikuwa sahihi kwenye mwelekeo na wakakosea kwenye kipimo. Mfumo wa ruzuku hauelewi mwelekeo, unaelewa kitu kinachoweza kuhesabiwa na kukaguliwa. Na kilicho cha ajabu ni kwamba kipimo kizuri zaidi tayari kiko nusu ndani ya fomula. Kozi za watu wazima zinalipwa kwa awamu kila mwezi na kipande kinabaki, kwa kawaida asilimia 20, hadi mwanafunzi apate cheti. Halafu kuna siku za kuthibitisha: kozi ya siku 168 au zaidi, mwanafunzi akiondoka kabla ya siku 42 chuo hakipati kitu, kozi ya siku 14 hadi 167 kizingiti ni siku 14. Sasa kwa nini kwenye kozi ya mbali kizingiti kiwe siku za kalenda? Kiwe kazi iliyowasilishwa na kusahihishwa na mwalimu mwenye jina. Kazi ya kwanza, kipande cha pesa. Kazi ya tatu, kipande kingine. Mwizi wa 2001 angepata tabu sana maana kutengeneza kazi elfu tano za wanafunzi hewa pamoja na maoni ya mwalimu ni gharama kuliko kufundisha kweli (au ilikuwa hivyo kabla ya akili mnemba, hapo sasa nakubali pana kazi).

Korona ilipokuja Machi 2020 mjadala wote ulisimama kwa muda, kila mtu akahamia onlaini kwa siku chache, serikali ikaendelea kuvilipa vyuo, na ikagawa laptopu kwa vijana wasio nazo. Wengi wakadhani sasa mlango umefunguka. Ulifunguka kwa dharura, fomula chini yake ilikuwa ile ile, na kwa vijana sehemu kubwa ya masaa imerudi darasani, na mimi kwa kijana wa 16 sina ugomvi na hilo.

Kwa watu wazima kuna kikwazo kipya ambacho hakihusiani na ualimu kabisa, nacho ni postikodi, ile namba ya eneo unaloishi. Agosti 2019 karibu nusu ya bajeti ya elimu ya watu wazima ilishushwa kwa mameya, wa kwanza walikuwa London na mikoa sita kama Greater Manchester na West Midlands, na idadi imezidi kuongezeka. Kila meya analipia wakazi wake. Kwa chuo cha matofali hilo linaeleweka, lakini kozi ya onlaini haina mtaa. Chuo kikiwa na kozi moja nzuri ya mbali na wanafunzi kutoka mikoa mitano, kinahitaji makubaliano na ofisi tano, kila moja na sheria zake, na wakati mwingine mwanafunzi akihama nyumba kabla hajasajiliwa anahama na pesa yake.

Hii naona iwasumbue na wanaopanga mambo nyumbani. Kenya mwaka 2018 serikali ilianza kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi, ilikuwa kwa kichwa, na kaunti nazo zina vyuo vyao vya mafunzo. Siku kozi za mbali zikikua huko, swali la kichwa hiki ni cha nani na tunajuaje kinasoma litafika tu.

Basi kwa ndugu walioko huku wanaouliza kila mara kuhusu matangazo ya kozi za bure za onlaini: usianze kwa kuuliza kama kozi ni nzuri, anza kwa kuwatajia postikodi yako na kuuliza kama wana ruzuku ya eneo lako. Halafu hadhi yako ya ukaazi, kwa kawaida wanataka uwe umeishi nchini miaka mitatu, ila mwenye hadhi ya ukimbizi hahitaji kusubiri hiyo mitatu, na wapokea simu wengine hawalijui hilo kwa hiyo mwambie akuunganishe na mtu wa usajili. Na muulize mwalimu atakayesahihisha kazi zako anaitwa nani.